Amritsar kwa anayekwenda mara ya kwanza: Hekalu la Dhahabu, Jallianwala Bagh, Wagah na mengineyo

Mwanamsafara (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Maswali ya Amritsar yanaulizwa kila mara ndani ya nyuzi za matibabu na biashara za India, yanajibiwa nusunusu, kisha yanapotea. Tuyakusanye hapa. Naanza mimi, wanaoujua mji waongeze na kusahihisha.

Jambo linaloharibu safari za wengi ni hili: mji una saa yake, na saa hiyo ni ya Harmandir Sahib, yaani hekalu la dhahabu lenyewe. Mgeni anafika mchana kwa treni kutoka Delhi, anaingia hekaluni jua likiwa kali, anakuta foleni ya kwenye daraja imejaa na marumaru inachoma nyayo. Saa tisa anakimbilia sherehe ya mpakani Wagah, kesho yake anaondoka. Huyo amepita tu Amritsar. Tenga siku mbili zenye usiku wake, na ingia hekaluni angalau mara mbili: mara moja usiku, mara moja kabla jua halijachomoza. Mengine yote yajipange kuzunguka hapo.

Historia kidogo, maana bila hiyo utaona jengo zuri basi. Bwawa lilianzishwa 1577 na Guru Ram Das, guru wa nne wa Masingasinga, na mji ukaitwa Ramdaspur kabla ya kuchukua jina la bwawa lenyewe: amrit ni maji ya uzima, sarovar ni bwawa. Mwanawe, Guru Arjan, akajenga hekalu katikati ya maji, na 1604 akaweka humo kitabu kitakatifu. Alilijenga chini kuliko usawa wa mji ili kila anayeingia, awe tajiri au mkulima, ashuke ngazi kwanza. Akaliwekea milango upande wa kila pembe ya dunia. Majeshi ya Ahmad Shah Abdali, mfalme wa Afghanistan, yalilibomoa 1762, ujenzi mpya ukaanza 1764. Dhahabu ilikuja karne ya 19 enzi za Maharaja Ranjit Singh, mtawala wa Kisingasinga wa Punjab, jimbo lenye mji huu: ni mabamba ya shaba yaliyovikwa dhahabu, yako sehemu za juu. Chini ni marumaru iliyochimbwa na kujazwa vijiwe vya rangi, maua na wanyama, kazi ya mkono. Watu hukodoa macho juu wakasahau ukuta ulio mbele ya pua zao.

Sasa kuingia. Hakuna kiingilio, kwa dini yoyote wala taifa lolote. Anza na viatu: nje ya kila lango kuna joda ghar, chumba cha kuhifadhia viatu, bure. Unatoa viatu na soksi, unapewa kibao chenye namba. Kila lango lina joda ghar yake, kwa hiyo toka kwa lango lile lile uliloingilia. Wanaosahau hili huzunguka nusu ya eneo pekupeku barabarani wakitafuta viatu vyao. Mizigo mikubwa ina chumba chake, gathri ghar. Ukishafunika kichwa, unapita kwenye kijibwawa cha kuoshea miguu, halafu unashuka ngazi. Hapo ndipo maji na dhahabu vinafunguka mbele yako kwa mara moja. Usisimame katikati ya ngazi kupiga picha, watu nyuma yako wanasujudu hapo hapo.

Ndani unazunguka bwawa kufuata mwendo wa saa, bwawa likiwa mkono wako wa kulia. Kila upande una kama mita 150, hivyo mzunguko mmoja wa polepole ni nusu saa.

BintiChaani

Asante kwa uzi, kaka. Maswali mawili. Hicho kichwa kinafunikwa kwa kitu gani hasa? Mume wangu anavaa kofia ya kawaida ya kiua, mimi ushungi. Na Mwislamu akila chakula cha pale kuna shaka yoyote?

Ngalawa77

Dada, ushungi wako unatosha kabisa, hakikisha tu hautelezi ukiinama. Kwa shemeji, akunje kitambaa na kukifunga kwa nyuma, kifunike hadi kisogoni. Desturi ya Masingasinga ni kitambaa au kilemba, na kofia ya mtindo wowote huleta mjadala langoni na walinzi. Nje kuna watu wanaouza vitambaa vya rangi ya chungwa wakisema ni lazima ununue. Si kweli. Langoni kuna kapu la vitambaa vya bure, unachukua na kurudisha ukitoka. Ukipenda usafi wako, beba leso yako kubwa kutoka nyumbani.

Chakula cha hekaluni hakina nyama, samaki wala mayai, na pombe na tumbaku haviruhusiwi kabisa ndani ya eneo. Sigara mfukoni iache hotelini. Ukitaka Ijumaa, msikiti wa Khairuddin uliojengwa 1876 uko Hall Bazaar, unafika kwa miguu kutoka hekaluni.

Miguu nayo ina adabu yake. Ukikaa ukingoni mwa bwawa, kunja miguu. Usiining'inize majini wala kuinyoosha kuelekea hekalu. Picha unapiga ukiwa kwenye marumaru ya kuzunguka bwawa, ila ukishaingia darajani simu irudi mfukoni. Hata huko nje, kujirekodi ukicheza au kujipanga mikao kama studio hakutakiwi, na walinzi wenye mikuki na mavazi ya buluu watakuja kukuambia.

Fundi wa Reli

Naongezea foleni, maana ndiko siku inakopotelea.

Kutoka ukingoni kwenda hekaluni kuna daraja la kama mita 60, unaliingia kupitia lango liitwalo Darshani Deori. Daraja ni moja tu, kwenda na kurudi, ndiyo maana foleni hujaa. Wikendi, sikukuu na saa za mchana inaweza kukuchukua saa mbili au zaidi ukiwa umebanwa. Siku ya kazi alfajiri, au usiku kuelekea kufunga, mara nyingi ni chini ya saa moja. Epuka kabisa Baisakhi, sikukuu ya mavuno katikati ya Aprili, na siku za Diwali ikiwa lengo lako ni kuingia ndani kwa utulivu. Kama lengo ni taa na fataki, basi Diwali hapo haina mfano, Masingasinga huiita Bandi Chhor.

Kuna tukio moja la kupangia safari nzima. Usiku kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, hutolewa hekaluni juu ya machela ya dhahabu iitwayo palki na kupelekwa Akal Takht, jengo linalotazamana na daraja, kikalale huko. Alfajiri kinarudishwa. Saa zinabadilika na majira: kiangazi usiku ni karibu saa nne, kipupwe mapema zaidi, alfajiri ni karibu saa kumi kiangazi na saa kumi na moja kipupwe. Uliza siku hiyo hiyo kwenye ofisi ya habari, usitegemee kijitabu cha hoteli. Fika saa moja kabla, usimame kati ya Darshani Deori na Akal Takht. Wanaume hupokezana kutia bega chini ya machela kwa hatua chache chache, mbele pembe inapigwa, maua yanarushwa. Baada ya hapo hekalu linafungwa na waliojitolea wanaosha sakafu kwa maji yaliyochanganywa maziwa.

Kosa la kawaida: mtu anafika saa nne na nusu usiku akidhani "iko wazi saa 24". Eneo la nje ndilo liko wazi saa 24. Ndani hufungwa saa kadhaa kila usiku.

Ndani penyewe hamna sanamu wala picha ya kuabudiwa. Kuna kitabu chini ya mwavuli wa kitambaa, msomaji, na waimbaji watatu wenye harmonia na ngoma wanaoimba aya tangu alfajiri hadi usiku. Usisimame katikati. Panda ghorofa ya juu, watu ni wachache na unatazama chini moja kwa moja. Nyuma ya hekalu kuna ngazi za kufika majini, Har ki Pauri, watu wanachota kidogo na kunywa.

Mwanamsafara

Mkuu umemaliza. Nitie hapo halua. Kabla ya foleni kuna dirisha ambapo unatoa sadaka ya kiasi unachotaka na kupewa karah prashad, ndiyo halua yenyewe iliyobarikiwa, kwenye bakuli la majani. Unaibeba hadi mhudumu anapochukua sehemu na kukurudishia inayobaki. Asiyenunua naye anapewa wakati wa kutoka, hakuna anayenyimwa. Ni unga wa ngano usiokobolewa, samli na sukari kwa uzani sawa, pamoja na maji: unga unakaangwa kwenye samli hadi uwe kahawia na kunukia kama njugu, ndipo maji ya sukari yanamwagwa na kukorogwa mpaka samli ijitenge pembeni. Pokea kwa viganja viwili vilivyokunjwa pamoja, umeinamisha kichwa kidogo. Usipokee kwa mkono mmoja, na usiitupe. Samli yake ni nyingi, vidole vitang'aa, kwa hiyo kuwa na karatasi laini mfukoni kabla ya kushika simu.

MamaNtilie_Ughaibuni

Nisemee langar, jiko la bure, kwa sababu watu wa huku wanalijua kwa mlango wa nyuma. Aliyewahi kusimama pale gurudwara (hekalu la Masingasinga) ya Makindu, barabara ya Nairobi na Mombasa, akapewa chai na chapati bila kuulizwa dini, ameshaonja langar. Masingasinga waliojenga reli ya Uganda na kuitumikia ndio waliiacha desturi hiyo kwetu. Ya Amritsar ni hiyo hiyo, isipokuwa inakadiriwa kulisha watu kati ya 50,000 na 100,000 kwa siku, usiku na mchana.

Utaratibu wake: ukikaribia jengo la langar unasikia kelele za sahani kabla hujaona kitu. Mtu anakupa sahani ya chuma yenye visehemu, mwingine bakuli la maji, mwingine kijiko. Unasubiri mlango ufunguliwe, mnaingia kundi zima, mnakaa chini kwenye mikeka mirefu kwa mistari. Hiyo mistari ina maana: waziri na mchukuzi wanakaa usawa mmoja. Kwa hiyo usitafute pembe ya peke yako, jaza nafasi inayofuata.

Wahudumu wanapita na ndoo: dali nzito, mboga, wali au wali wa maziwa mtamu. Chapati inaachiwa kutoka juu, inyooshee viganja viwili kama unapokea baraka. Ukinyoosha mkono mmoja atasubiri. Ukitosheka, funika sahani kwa kiganja. Kosa kubwa la wageni ni kukubali kila kitu kwa aibu halafu kuacha chakula. Chukua kidogo, watarudi mara ya pili na ya tatu. Maliza kilichomo, toka na sahani yako mwenyewe, ikabidhi kwa wapokeaji mlangoni. Usichelewe kuinuka, kundi lijalo linasubiri na sakafu inapigwa deki kati ya makundi.

Ukitaka kutoa mkono, huhitaji kibali. Nenda wanakomenya vitunguu saumu au kwenye mabirika ya kuoshea sahani, kaa, anza. Kuosha ni kwa hatua, sahani inapita mabirika kadhaa, kwa hiyo angalia jirani yako anafanya nini na ubaki kwenye birika lako. Kusukuma chapati kuna mashine, lakini wanawake wengi bado wanasukuma kwa mkono na watakukaribisha. Kwa anayesukuma chapati nyumbani, zile ni ndogo, kavu, hazina mafuta kwenye unga.

BintiChaani

Shukrani sana dada. Na kuoga bwawani, wanawake wanaruhusiwa?

MamaNtilie_Ughaibuni

Wanaruhusiwa, ila wana sehemu yao iliyozungushiwa ukuta, upande wa mti wa Dukh Bhanjani Beri. Wanaume wanaoga wazi, wamevaa kaptura, wakishika minyororo iliyofungwa ukingoni kwa sababu ngazi za chini zina utelezi na kina ni kirefu kuliko mtu. Hakuna sabuni, hakuna kuogelea, hakuna kufua. Ni kuzamisha mwili na kutoka.

Ngalawa77

Nje ya hekalu sasa. Jallianwala Bagh iko mwendo wa dakika tano, usiiache. Tarehe 13 Aprili 1919, siku ya Baisakhi, watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja huo uliozungukwa na nyumba. Jenerali Reginald Dyer aliingiza askari 50 kupitia kichochoro chembamba na kuwaamuru wafyatue risasi bila onyo. Zilifyatuliwa risasi 1,650 kwa takriban dakika kumi. Serikali ya kikoloni ilihesabu waliokufa 379. Uchunguzi wa chama cha Congress ulitaja karibu 1,000.

Utaingia kwa kichochoro hicho hicho. Kilifanyiwa ukarabati 2021 na kuwekwa sanamu ukutani, wengi walilalamika kwamba kimepambwa kupita kiasi, nami nakubaliana nao. Ule ubano na ukimya ndio uliokuwa ukieleza habari. Usiishie hapo. Nenda kwenye kuta za matofali mekundu ndani, matundu ya risasi yamezungushiwa alama nyeupe. Sogea karibu. Mengine yako usawa wa kifua, mengine chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala. Kisha kisima, ambamo watu waliruka kukimbia risasi. Kibao kinataja maiti 120 zilizotolewa humo.

Kutoka hapo, Heritage Street inakupeleka hadi Town Hall, kwenye Jumba la Makumbusho ya Mgawanyiko lililofunguliwa 2017. Linaeleza 1947, Punjab ilipokatwa vipande viwili kati ya India na Pakistani. Hufungwa Jumatatu, na ndani hupigi picha. Tenga saa mbili. Tafuta koti lililotariziwa phulkari, nakshi ya maua ya Punjab, na mkoba wa ngozi: ni vya wachumba wawili waliopotezana kwenye machafuko na kukutana tena kambini, kwenye foleni ya chakula. Mwishoni kuna mti ambao wageni wanatundika majani ya karatasi yenye maneno yao.

Mpangilio unaofaa ni Jallianwala asubuhi mapema, kisha makumbusho, halafu ukapumzike. Usiviweke vyote viwili na Wagah mchana mmoja, moyo hauwezi.

Kijana wa Tandale

Wakuu, Wagah bado ipo? Nilisoma mpaka umefungwa.

Fundi wa Reli

Ipo, kijana, lakini imepungua. Mpaka wa Attari na Wagah ulifungwa kwa wasafiri 2025 baada ya uhusiano wa India na Pakistani kuharibika. Sherehe ya kushusha bendera iliyokuwa ikifanyika kila jioni tangu 1959 ilirudishwa kwa watazamaji mwezi Mei mwaka huo, ila lango halifunguliwi na askari wa pande mbili hawapeani mikono. Kabla ya kulipia gari uliza hotelini kama siku hiyo inafanyika.

Ni kama kilomita 30 kutoka mjini. Sherehe huanza kabla ya jua kuzama, hivyo saa inasogea: kipupwe karibu saa kumi na nusu, kiangazi karibu saa kumi na mbili. Ondoka mjini saa mbili na nusu kabla. Kukaa ni bure, mwenye kukuuzia tikiti barabarani ni tapeli. Mgeni aonyeshe pasipoti halisi, ana foleni na jukwaa lake, nakala haikubaliki. Begi la aina yoyote haliruhusiwi, hata la mkononi la kina mama, na chaji ya kubebea (power bank) pia. Beba pasipoti, simu, pesa na kofia, basi. Wanaokwenda na begi hulazimika kuliacha kwa muuza duka asiyemjua, na kurudi kulitafuta gizani. Simu kule hukosa mtandao, kwa hiyo kubaliana na dereva mahali pa kukutania na uandike namba ya gari kabla hujashuka.

Mwanamsafara

Mambo ya kufika. Uwanja wa ndege wa Amritsar unapokea ndege kutoka Doha na Falme za Kiarabu, kwa hiyo kutoka Dar au Nairobi huna haja ya kupitia Delhi. Viza ya mtandaoni inakubalika uwanjani hapo. Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, ni lazima kwa wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha ya India, zikiwemo Kenya, Uganda, Burundi na Kongo, na chanjo iwe imepigwa angalau siku kumi kabla ya kuingia. Ukichanjwa jana yake, kadi ni halali kwa macho yako tu. Wanaweza kukuweka karantini.

Kutoka New Delhi kuna treni ya Shatabdi ya asubuhi, saa sita njiani, kama kilomita 450. Desemba na Januari ukungu wa Punjab ni mzito, treni na ndege huchelewa kwa saa nyingi. Usipange ndege ya kurudi nyumbani siku ile ile ya treni. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40. Oktoba, Novemba, Februari na Machi ndiyo miezi yenyewe.

Kituoni kuna mabasi ya bure ya hekalu. Madereva wa bajaji watakuambia hayapo leo.

Malazi: hekalu lina nyumba za wageni, na ndani ya Guru Ram Das Niwas kuna ukumbi wa wageni wa kigeni, bure, kwa kawaida usizidi siku tatu. Vitanda vimebanana, bafu ni la pamoja, kufuli la sanduku lete lako. Mwenye mzazi mzee achukue hoteli karibu na hekalu, na aombe kiti cha magurudumu langoni. Wahudumu wataonyesha njia isiyo na ngazi nyingi.

MamaNtilie_Ughaibuni

Chakula cha mjini kiwe kulcha, na kiliwe asubuhi. Unga unakunjwa tabaka kwa samli, unajazwa viazi na viungo, unabandikwa ukutani mwa tanuri la udongo. Ukitoka, mpishi anauponda kwa viganja viwili tabaka zifunguke, anaweka siagi juu, pembeni mchuzi wa dengu na chatini ya vitunguu na ukwaju. Chagua duka lenye foleni, maana kulcha iliyokaa dakika kumi inakuwa ngumu kama kiatu. Lasi yao ni nzito, glasi moja ni mlo. Tumbo lisilozoea, epuka barafu.

Samaki wa Amritsar, wa kukaanga kwa unga wa dengu na ajwani, hupatikana nje ya eneo la hekalu. Kwa nyama, Mwislamu aulize kwanza: wachinjaji wengi wa pale ni wa jhatka, yaani kukata kichwa kwa pigo moja, si halali.

Kijana wa Tandale

Nikibakiwa na nusu siku?

Ngalawa77

Tarn Taran, kilomita 24 hivi kusini. Hekalu la Guru Arjan, bwawa kubwa kuliko la Amritsar, watalii karibu hakuna. Basi au teksi, nenda asubuhi, adhuhuri umerudi. Kanuni za viatu na kichwa ni zile zile.